Jinsi Tulivyoacha Kuogopa Unga



Tangu siku ya michezo watu wengi wanatuuliza swali moja: sambusa zile zilizouzwa chini ya mwembe, nani alizipika? Wadogo wa darasa la saba wanasema tulizinunua sokoni tukazipanga tu kwenye sahani. Mwalimu mmoja alisema mbele ya wanafunzi wote kwamba wafinalisti wa mwaka huu ni hodari, na watu wakapiga makofi. Tuliyapokea makofi yale, lakini hayakukaa vizuri moyoni, kwa sababu nusu ya habari haikusemwa. Ndiyo maana tumeomba ukurasa huu. Tunaandika tukiwa mkubwa wa wanafunzi, na tunasema "sisi" kwa kuwa kazi ilikuwa ya wengi. Lakini kuna mahali katika habari hii ambapo "sisi" ni mtu mmoja tu. Mtapatambua.

Mwanzo wa jambo ni huu. Mwenzetu mmoja wa darasa la mwisho alikuwa hajalipa feza ya kuandikishwa kwa Mtihani wa Serikali. Hatutaji jina lake, naye ametupa ruhusa ya kusema haya. Baba yake anafanya kazi katika balenieri, zile mashua kubwa za mbao zinazopanda mto kutoka Kinshasa. Safari ilikawia, mashua ikakaa njiani majuma mengi, na feza ikakaa pamoja nayo. Darasa likakutana. Kila mwaka wafinalisti wanauza mikate siku ya michezo, yaani wanainunua kwa mama wa barabarani, kisha wanaiuza tena kwa wanafunzi. Basi wote wakasema, tufanye vile, na faida yote iwe ya mwenzetu.

Hapo ndipo mmoja wetu wa upande wa biashara alichukua chaki na kupiga hesabu ubaoni. Katika kila mikate kumi tunayonunua, tunabaki na faida ya mmoja. "Kwa hesabu hii," akasema, "tutauza mpaka Noeli, na mtihani utakuwa umepita." Kisha akapiga hesabu ya pili: tukinunua unga wenyewe, tukafinyanga wenyewe, na badala ya mikate tukafanya sambusa ambazo zina bei zaidi, feza ya kazi inabaki mikononi mwetu.

Darasa likanyamaza. Msichana anayetunza feza ya darasa akauliza, "Nani anajua kufanya unga wa sambusa?" Wengine wakatazama chini, wengine wakatazama dirishani. Mwishoni wote wakatutazama sisi, kwa maana mkubwa wa wanafunzi ni mtu wa kutazamwa wakati watu hawajui la kufanya. Nasi tukasema kwa sauti kubwa, "Haiko kitu. Tutafanya."

Ndugu wasomaji, tangu kuzaliwa hatujapata kutia mkono katika unga wa ngano.

Pengine mtacheka: mtu wa miaka 18 anaogopa unga? Lakini jiulizeni wenyewe kama hamuuogopi. Katika nyumba zetu hapa Kisangani tumekua na lituma, na sombe, na wali, na bugali ya muhogo. Makemba tunayajua: unayachemsha, unayatwanga katika kinu, unayafinyanga kuwa donge, na hata mtoto mdogo anatumwa kutwanga bila hofu. Lituma ikiwa mbaya, unaitwanga tena. Bugali ikiwa na madonge, watoto wataila vilevile. Lakini unga wa ngano ni mgeni. Ngano haioti hapa kwetu. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ndani ya msitu, kwenye joto na mvua, nayo inataka nchi yenye baridi. Inabidi isafirishwe. Mingine ya mifuko inapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa 1,700 na zaidi. Mingine inapita barabara ya mashariki, Beni, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, na malori yanalala matopeni siku nyingi. Mfuko ukifika sokoni, bei yake imebeba safari yote ile. Kwa hiyo mama wa nyumba anaponunua kilo moja kwa ajili ya chapati za siku kuu, anaishika kama mtu anayeshika yai.

Nasi watoto tukikaribia tunasikia neno moja: "Toka pale, utaharibisha unga ya watu!" Tumelisikia neno hilo tangu utoto. Mtoto akifukuzwa mbele ya kitu mara mia, mara ya mia na moja hangoji kufukuzwa, anakimbia mwenyewe. Na kwa sisi wavulana kulikuwa na sababu ya pili, tuikubali tu: tulisema kwamba ni kazi ya wamama. Ni neno zuri la kufichia woga. Mtu akisema "si kazi yangu," hakuna atakayemwuliza kama anaiweza.

Jambo la kushangaza ni kwamba sambusa yenyewe ni mgeni pia, lakini hiyo hatuiogopi, tunaila tu. Jina lake limetoka mbali, Uajemi, likazunguka katika nchi za Waarabu na Wahindi mpaka likafika pwani ya Zanzibar. Wakubwa wetu wanajua kwamba watu wa pwani walifika hapa kwenye maporomoko zamani, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, akawa gavana wa Stanley Falls. Habari za utumwa wa wakati ule ni chungu na tunazijifunza darasani. Lakini lugha tunayoandika hapa ilikuja katika misafara ile, na mpunga wa mashamba yetu vilevile. Basi vitu vingi tunavyoita vya kwetu viliwahi kuwa vigeni, mpaka mikono ya watu ilipovizoea.

Siku ya nne jioni tulinunua kilo mbili za unga kwa feza ya darasa, tukaenda nazo nyumbani kwetu Mangobo. Tulikuwa peke yetu. Wenzetu walitaka kuja kusaidia, tukawakataza. Tuliwaambia kwamba jiko ni dogo. Kweli ni kwamba hatukutaka mtu aone mikono yetu.

Mama alikuwa amekwenda kwenye kilio. Taa ilikuwa imekatika, tukawasha mshumaa. Tukamimina unga wote katika beseni, kilo mbili zote kwa mara moja, tukatia chumvi, tukamwaga maji baridi kama mtu anayezima moto. Unga ukawa uji. Tukaongeza unga kidogo tuliouomba kwa jirani, ukawa madonge magumu. Tukaongeza maji, ukashika vidole kama ulimbo. Tulipotaka kujikuna shavuni, shavu nalo likashikwa. Hatujui mambo hayo yalichukua muda gani, lakini mshumaa ulikwisha nusu.

Hatukuuacha upumzike hata dakika moja, maana hatukujua kwamba unga unapumzika. Tulichukua chupa tupu, tukaanza kuusukuma juu ya meza. Ulikuwa ukirudi nyuma kama mpira wa ndani wa kinga. Unausukuma huku, unarudi huku. Tukakasirika, tukasukuma kwa nguvu, ukapasuka katikati. Kwa ndani tulikuwa tumepika kabichi na nyanya, na ile nyanya ilikuwa na maji mengi. Tulipofunga sambusa ya kwanza, maji yakatoboa chini. Tulipoitia katika mafuta, ikafunguka kama kitabu, kabichi ikaogelea peke yake, na mafuta yakaruka mpaka kwenye mkono. Alama bado iko. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile.

Sasa tunafika mahali tulipowaambia, mahali ambapo "sisi" ni mtu mmoja tu.

Tulichukua unga wote uliobaki, zaidi ya nusu ya beseni, tukautia katika mfuko wa plastiki, tukatoka nyuma ya nyumba usiku, tukautupa katika mtaro. Tukaosha beseni. Tukaosha meza. Asubuhi tukaenda masomoni, na wenzetu walipouliza habari ya unga tukasema, "Panya wameula. Walitoboa mfuko usiku."

Uongo ule ulitoka kinywani mwepesi kabisa. Unga ulikuwa mzito, lakini uongo ulikuwa mwepesi.

Msichana anayetunza feza alifungua daftari yake, akaandika kwa maandiko yake mazuri: panya, kilo 2. Hakusema neno baya. Ila tulimwona anahesabu tena feza iliyobaki, mara ya kwanza na mara ya pili, kama mtu anayetumaini kwamba hesabu itabadilika. Na wakati wa mapumziko, yule mwenzetu ambaye kazi yote ilikuwa kwa ajili yake alitufuata karibu na kisima. Akatuambia kwa upole, "Kapita, mumejisumbua sana juu yangu. Muache sasa. Nitangojea mwaka kesho." Kisha akatuomba msamaha. Yeye, akatuomba msamaha sisi, kwa sababu ya panya.

Tangu hapo hatukuweza kula. Tuliwaza hivi: huyu atapoteza mwaka mzima wa maisha yake, na sababu si panya, wala si kilo mbili za unga. Sababu ni kwamba mtu mmoja aliogopa kuchekwa.

Siku ile ile, masomo yalipokwisha, tulikwenda kwa mama mmoja anayeuza sambusa kando ya barabara yetu. Wengi wenu mnamjua, ninyi mnaomkopa mpaka mwisho wa mwezi. Tulizunguka mara mbili kabla ya kumkaribia. Tuliwaza kwamba atatukataa, maana nani atamfundisha mtu anayetaka kuuza kitu kile kile?

"Jambo Mama."

"Jambo baba. Ngapi?"

"Apana Mama, hatukuye kununua. Tunataka kujua namna ya kufanya unga. Tunaogopa."

Alituangalia muda, akaangalia ule mkono ulioungua, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa. "Munaogopa nini? Unga haiko nyoka, haiume mutu." Tulipomweleza habari ya mwenzetu na mtihani, hakucheka tena. Akasema, "Mukuye siku ya posho, saa kumi ya usiku. Mulete mikono. Kinywa mutaacha kwenu."

Basi siku ya posho tulikuwa pale kabla ya jogoo. Tulikwenda wawili, sisi na yule wa hesabu. Mama alikuwa na babula mbili zenye makala mekundu, beseni, meza ndogo, na chupa yake iliyokwisha kufutika maandishi kwa kazi. Hakutufundisha kwa maneno. Alitutilia unga mbele yetu, akasema, "Tiya mukono."

Tulitia. Akamimina maji ya vuguvugu yenye chumvi, kidogo, akangoja. Kidogo tena, akangoja. "Mayi haikimbiake," akasema. Kabla ya maji alikuwa ametusugulisha mafuta ndani ya unga mkavu kwa vidole, mpaka ukashikana kidogo ukifinywa. Unga ulipoanza kutushika vidole tulitaka kuongeza unga mwingine mara moja, kama usiku ule wa Mangobo. Akatupiga mkononi kidogo. "Acha. Finyanga tu." Tukafinyanga kwa kiganja, tukikunja na kusukuma, kukunja na kusukuma, na baada ya kitambo ule unga wenyewe ukaacha vidole, ukawa laini. Hatukuongeza kitu. Ulikuwa unangoja kazi tu.

"Shika sikio yako, pale chini," akasema. Tukashika. "Sasa shika unga. Iko sawasawa?" Ilikuwa sawasawa, laini namna ile ile. "Basi, uache ulale." Akaufunika kwa kitambaa chenye maji, akaufungia kazi kama nusu saa, na wakati huo tukakata kabichi na vitunguu.

Tulimwuliza mwalimu wetu wa kemia baadaye kwa nini unga unalala, naye akatueleza. Katika ngano kuna proteni inayoitwa gluteni. Ikikutana na maji na kufinyangwa, inafanya kama nyuzi zilizosukwa, na nyuzi zile ndizo zinazoshika unga usikatike. Lakini zikiwa zimetoka tu kufinyangwa zimekaza, na ukizivuta zinarudi. Ukiziacha zipumzike zinalegea, na sasa unaweza kuzitandaza nyembamba kama karatasi. Unga wa muhogo hauna gluteni; ndiyo maana haujatufundisha jambo hilo. Basi usiku ule hatukuwa na unga mbaya. Tulikuwa na unga uliochoka, na hatukuupa nafasi ya kulala.

Unga ulipoamka, Mama alikata vidonge, akavisukuma kwa chupa kuwa chapati ndogo kama kiganja. Akaipaka moja mafuta, akanyunyiza unga mkavu, akaweka ya pili juu yake, mafuta na unga tena, mpaka nne. Kisha akazisukuma zote nne pamoja mpaka zikawa pana kama sahani kubwa. Akazilaza juu ya kikaango kikavu, moto mdogo, akazigeuza upesi. Hazitakiwi kuwa na rangi. Zikipata rangi zimekauka, na zikikauka zitavunjika wakati wa kukunja. Zikiwa bado na moto akaanza kuzibandua moja moja, na ajabu, zikaachana nne kama kurasa za daftari. Akakata kila moja vipande vinne. Kila kipande ni sambusa moja.

Tulipojaribu wenyewe, ya pili ikapasuka. Tukaruka nyuma kama watu waliovunja chombo cha mgeni. Mama hata hakutazama. "Tiya pale," akasema, akionyesha sahani ya bati karibu na mguu wake. Tukatazama ndani ya sahani ile. Ilikuwa imejaa vipande vilivyopasuka, na si sisi tuliovipasua. Vilikuwa vyake.

"Mama, hata kwenu inapasuka?"

"Inapasukaka. Kila siku. Miye minauzisha hapa tangu mutoto wangu wa kwanza alikuwa mu mugongo. Leo naye iko na watoto. Kila siku inapasuka." Akachukua kipande chenye tundu dogo, akapaka uji wa unga na maji kwa kidole, akabandika kiraka, akakunja, akajaza, akafunga. Hungeweza kuona tundu lilikuwa wapi. Zile zilizopasuka kabisa alizikata vipande virefu, akazikaanga, akanyunyiza sukari, na watoto wa kwanza kupita barabarani wakazinunua zote.

Tulikaa kimya. Yule wa hesabu alidhani tumechoka. Hatukuchoka. Tulikuwa tunawaza habari ya mtaro wa Mangobo. Unga ule tulioutupa ungeweza kupona. Ungefunikwa na kitambaa, ungelala, asubuhi ungekuwa chapati, au ungekatwa na kukaangwa kwa sukari. Haukuwa umekufa. Tuliuzika mzima, ili tu watu wasione kwamba hatujui.

Hapa ndipo tunataka kusema neno letu, na mtusamehe kama linafanana na mahubiri. Woga wetu ulikuwa umetuambia kwamba kuna watu wa namna mbili: wanaojua, ambao unga wao haupasuki, na wasiojua, ambao unga wao unapasuka. Woga ulisema uongo. Mama yule unga wake unapasuka kila siku. Ila yeye ana sahani ya bati karibu na mguu, sisi tulikuwa na mtaro.

Siku ya kwanza, kabla ya somo la asubuhi, tuliomba ruhusa ya kusema darasani. Tulisimama mbele. Miguu ilitetemeka kuliko siku yoyote ya mtihani. Tulisema, "Hakuna panya aliyekula unga. Ni sisi tulioutupa." Tukaeleza yote, beseni, mshumaa, mfuko wa plastiki. Tulimwomba radhi yule mtunza-feza kwa kumwandikisha uongo katika daftari yake safi, na tulimwomba radhi yule mwenzetu aliyetuomba msamaha bure.

Darasa lilikaa kimya muda mrefu. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe panya mwenyewe njo huyu!" Watu wakacheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza. Tulikuwa tumeogopa kicheko kile siku nne mchana na usiku, na sasa kimekuja, kimetupita kichwani, na bado tumesimama. Tangu siku ile jina letu ni Panya, na wadogo wa darasa la saba wanaotuita hivyo wakijificha nyuma ya ukuta wajue kwamba tunawasikia.

Kwa habari ya kilo mbili, tulizilipa. Siku za posho mbili tulisukuma kinga pamoja na baba mdogo, tukileta makala mjini kutoka barabara ya Buta. Anayejua kusukuma kinga yenye mifuko ya makala kwenye matope hahitaji kuelezwa. Mtunza-feza alikata lile neno "panya" kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, "imelipwa." Hakulifuta. Tulipomwuliza kwa nini, akasema daftari inatakiwa kuonyesha yote.

Usiku wa kuamkia siku ya michezo tulikuwa watu saba katika jiko la Mangobo, wavulana wanne na wasichana watatu, na hatukumkataza mtu. Mama yetu alikaa kando, mkono kinywani, asiseme neno, ingawa tuliona "toka pale" inapanda mpaka midomoni na kurudi. Tulifanya kilo tatu. Kwa kila kilo moja tulikata vidonge 16, vikatoka vipande 64. Kwa kilo tatu, vipande 192. Vilivyopasuka bila dawa vilikuwa 19, vikaenda kwenye sahani ya bati na sukari. Vingine 173 vikawa sambusa, na saa sita ya mchana hazikubaki ila mbili, ambazo tulikuwa tumezificha kwa ajili ya Mama wa barabarani. Alizionja. Akatafuna polepole mbele yetu, watu saba wamesimama kama wanangoja matokeo ya mtihani. Akasema, "Chumvi iko kidogo." Hilo tu. Tulirudi tukiruka.

Feza ya sambusa haikufika kiasi chote kilichotakiwa. Tusidanganye tena. Ilifika zaidi ya nusu; kilichobaki kilitoka mfukoni mwa darasa, franka kwa franka, na mwenzetu ameandikishwa. Atakaa mtihani pamoja nasi. Mashua ya baba yake ilifika bandarini juma lililofuata, na jambo la kwanza alilofanya yule mzee ni kuuliza habari ya sambusa.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, shikeni haya. Kwa unga kilo moja, chumvi vijiko vidogo viwili, mafuta vijiko vikubwa vinne, maji ya vuguvugu nusu lita na kidogo juu yake, lakini yasiingie yote pamoja. Unga wenyewe utasema basi. Finyangeni mpaka uache mikono. Fananisheni na sikio. Funikeni, muache ulale nusu saa. Kabichi na vitunguu vikauke kabisa katika kikaango kabla ya kuingia ndani, vikiwa na maji vitatoboa. Mafuta ya kukaangia yapimeni kwa kipande kidogo cha unga: kikikaa chini, mafuta bado ni baridi na sambusa itayanywa, kikipanda polepole na mapovu madogo kandokando, tieni, kikigeuka cheusi upesi, ondoeni sufuria kwenye moto. Na kabla ya yote, wekeni sahani ya bati karibu na mguu.

Tunaandika haya majuma machache kabla ya Mtihani wa Serikali. Tunajua katika madarasa yetu kuna watu wanaoficha daftari ya hesabu kama tulivyoficha unga, wanaosema "si upande wangu" kama tulivyosema "si kazi yangu." Tunawajua kwa sababu tulikuwa wa kwanza wao. Hatuna dawa kubwa ya kuwapa. Ila siku ya posho ijayo, baada ya usafi wa kiwanja, tutakuwa chini ya mwembe pamoja na beseni. Kila mtu alete chupa tupu na kitambaa safi. Wavulana pia.

Tunawasalimu sana,

Mkubwa wa wanafunzi,
ndiye Panya.